Uzi Mwekundu Kwenye Foronya

Mafua yenyewe yaliondoka kistaarabu. Yalinilaza, yakanitoa machozi na makamasi, kisha yakaaga kama mgeni mwenye adabu. Kilichobaki ni kikohozi. Hicho hakikuwa na mpango wa kuaga. Kilivua viatu, kikajinyoosha kifuani mwangu na kuona hapa ndipo kwake.

Kilikuwa kikohozi kikavu. Kinaanza na mwasho mdogo kooni, unameza mate, unajisemea leo nimekiweza, halafu kinalipuka mpaka unashika ukuta. Nikicheka kinakuja. Nikipanda ngazi kinakuja. Asubuhi nikifungua mdomo kusalimia watu, hapo ndiyo usiseme. Nilichemsha tangawizi, nikalamba asali na ndimu, nikajifunika taulo kichwani na kuvuta mvuke wa sufuria mpaka uso ukaiva. Kikohozi kinanitazama tu.

Na mimi ni dobi. Wateja wananiita Mama Povu. Nimetoa madoa ya wino, ya damu, ya grisi ya gari, hata doa la rangi ya mlango kwenye gauni la bibi harusi, tena harusi yenyewe ikiwa kesho yake. Lakini mbele ya kikohozi hiki sikufua dafu.

Duka letu la udobi ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna meza ya kupokelea nguo, katikati meza ya pasi, nyuma kabisa kuna mapipa ya kuchemshia na mlango wa kutokea kwenye kamba za kuanikia. Mume wangu anaitwa Mkunjo na kila mtu, hata na mimi nikiwa sina ugomvi naye. Kazi yake ni kukunja na kupeleka. Shati likitoka mikononi mwa Mkunjo unaona huruma kulivaa. Ni mtu mpole, haongei sana, hapigi kelele, na akisema jambo analisema limenyooka kama shati lake. Hivyo ndivyo nilivyomjua miaka yote. Mtu wa tatu pale dukani ni Chuma, mpiga pasi wetu, mwanamume mzima mwenye mikono kama makasia na moyo mwepesi kama wa kuku.

Kikohozi kilipoingia wiki ya tatu nikaanza kuogopa. Sikusema, lakini niliogopa. Kila nikikohoa kwenye kitambaa nakiangalia kwanza kabla sijakikunja. Nikilala nasikiliza kifua changu kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja. Ugonjwa niliokuwa nauwaza mnaujua. Kila anayekohoa sana anauwaza na hakuna anayetaka kuutaja. Basi nikapiga moyo konde, nikavaa gauni safi, nikaenda zahanati.

Muuguzi alinisikiliza mgongo akanipa kikopo chenye kifuniko. "Mama, kikohozi kikikaa muda mrefu hivi huwa tunapima makohozi," akasema. "Ni utaratibu tu, usijiue kwa mawazo. Majibu wiki ijayo."

Usijiue kwa mawazo. Rahisi kusema ukiwa upande ule wa meza.

Nilirudi nyumbani nikamngoja Mkunjo avue viatu, nikafunga mlango wa chumbani, nikamweleza yote. Yeye peke yake. Nilimwambia pia kinachonikosesha usingizi hasa ni nini. Mwanetu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani, na mkewe na mtoto wao wanaishi nasi. Mtoto tunamwita Kibonge, na mwenye macho akimwona hahitaji kuuliza kwa nini. Kila siku mchana, akishashiba, Kibonge alikuwa anapanda kifuani kwangu analala. Si kitandani, si mgongoni kwa mama yake. Kifuani kwangu, sikio hapa, mdomo wazi, mate yananilowanisha gauni. Nilimwambia Mkunjo, "Naogopa nisije nikawa nimempa mtoto ugonjwa. Tuseme nini? Tufanyeje? Na usimwambie mtu mpaka majibu yatoke, nisije nikageuka habari ya mtaa."

Mkunjo akanishika mkono. "Siri yako ni siri yangu," akasema. "Nitazikwa nayo. Na wewe hutakuwa na kitu, ni mafua tu yamechelewa kutoka." Kisha akaongeza, "Dukani usije kwa sasa. Mvuke na unga wa sabuni vinakuchokonoa koo. Mimi na Chuma tutamudu. Wewe pumzika, Mama Povu."

Na kuhusu Kibonge? Akasema hilo tulizungumze majibu yakitoka, hakuna haja ya kujitia presha. Nikasema moyoni, kweli mimi nimeolewa. Wenzangu wana waume, mimi nina mtu. Nililala mchana ule kwa mara ya kwanza tangu mafua yaanze, nimetulia tuli, bwege wa kupigiwa mfano.

Sasa nisikilizeni nilivyochezewa shere.

Kesho yake mkwe wangu, mke wa dereva, hakumleta Kibonge mchana. Nikamwuliza. Akasema, "Mama, mtoto ana kamafua kidogo, asije akakuongezea." Akasema hivyo huku anakunja kona ya nguo yake kwa vidole, hanitazami. Nikasema sawa. Nikajiambia hata hivyo ni afadhali, Mungu kanirahisishia. Lakini Kibonge mwenyewe namsikia anakimbia koridoni, anapiga ndoo, anaimba, hana mafua wala ndugu yake mafua.

Siku moja alisimama mlangoni kwangu. Sikumwita aje, nilinyoosha tu mikono kwa mazoea. Akasimama, akaziba mdomo na pua kwa viganja vyake viwili, macho yanacheka. Nikadhani ni mchezo. Na mimi nikaziba mdomo na pua. Akacheka, akaziba tena, nikaziba tena. Tulicheza hivyo mpaka mama yake akaja kumchukua mbiombio. Mchana ule nilimsifia Mkunjo jinsi mjukuu wake alivyo na akili.

Mkunjo naye akahamia kwenye kochi la sebuleni. Akasema kochi linamfaa mgongo. Mwanangu akapiga simu kutoka safarini, mtu ambaye kwa kawaida hupiga kuuliza kama soksi zake zimekauka, akaniambia kwa sauti laini, "Mama, unakula vizuri? Kula mayai. Kunywa maziwa." Nikasema mtoto amekua. Kumbe mtoto amepashwa habari.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kazi yetu, maana bila hilo hamtaelewa kilichonikata maini.

Dobi anapokea nguo za nyumba nyingi na zote zinaingia kwenye mapipa yaleyale. Bila alama utampelekea mwalimu suruali ya mchinja nyama. Kwa hiyo kila mteja ana mshono wake mdogo, ndani ya ukosi wa shati au kwenye pembe ya shuka. Fundi saa ana msalaba wa bluu. Mwalimu ana vistari vya kijani. Nguo zetu wenyewe hazina alama, tunazifua zote pamoja mwisho wa juma, zetu ni zetu. Lakini kuna rangi moja ambayo hatumpi mtu yeyote kuwa yake. Nyekundu. Uzi mwekundu unatiwa kwenye nguo iliyotoka kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kuambukiza. Nguo hiyo inakaa kapu lake, inachemshwa mwisho, peke yake, na maji yake hayarudiwi kwa nguo nyingine. Na mwenye nguo haambiwi. Tunautia uzi nguo ikifika, tunaufumua kabla haijarudi kwake. Mtu ana ugonjwa, umwongezee na aibu? Hiyo ni adabu ya kazi, na nilimfundisha Mkunjo mimi mwenyewe alipoacha kibarua cha stoo akaja kunisaidia.

Basi. Siku moja kabla ya majibu niliamka kikohozi kimelegea. Nyumba imenichosha, kuta zimenichosha. Nikasema niende dukani nikanuse sabuni tu, nisiguse kitu. Nikavaa gauni langu la kijivu, nikatembea polepole.

Mkunjo alikuwa ametoka kupeleka nguo. Chuma alikuwa kwenye pasi. Aliponiona akashtuka, na pasi ikabaki juu ya shati la mtu mpaka likaanza kutoa moshi.

"Chuma, shati," nikasema.

Akainyanyua pasi. "Mama Povu. Si unaumwa?"

"Naumwa, sijafa." Nikapita kuelekea nyuma. Akarudi hatua nyuma ya meza yake kunipisha, ingawa njia ilikuwa pana ya kupita ng'ombe. Nikaona, lakini nikasema huenda ananiheshimu.

Kule nyuma pipa la mwisho lilikuwa linachemka peke yake. Kando yake kapu la nyekundu. Juu kabisa ya kapu ilikuwa foronya yenye maua ya njano pembeni. Maua yale nilidarizi mimi mwenyewe, nikiwa mjamzito wa huyu dereva, na moja limekaa upande kwa sababu nilishikwa na uchungu sijalimaliza. Hakuna foronya nyingine kama hiyo duniani. Nikaiinua. Kwenye pembe kulikuwa na uzi mwekundu.

Wazo langu la kwanza, naapa, lilikuwa kwamba Chuma amechanganya makapu. Nikaita, "Chuma, njoo hapa. Foronya yangu imeingiaje huku? Unataka kunichanganyia nguo na za mgonjwa?"

Hakuja. Alisimama palepale kwenye pasi yake, akasema, "Mama, iache tu hiyo. Mzee mwenyewe atakuja kuitia."

"Kuitia wapi?"

Jasho linamtoka, na si la pasi.

Nikamwaga kapu sakafuni. Taulo langu. Shuka ya upande wangu, Mkunjo alikuwa ameitenganisha na yake. Kitambaa changu cha kichwa. Soksi zangu, jamani, hata soksi, kila moja na kijiuzi chake. Nikainamia karibu niuone mshono vizuri. Nilishaanza kumfikiria mkwe wangu. Nilishaanza hata kupanga nitakavyomwambia, kwamba nimekupokea kama binti yangu na wewe unanitia uzi mgongoni. Lakini mkwe wangu hajui hata kushika sindano. Na mshono ule ulikuwa hauna fundo.

Madobi wote ninaowajua hufunga fundo. Mkunjo hafungi. Anasema fundo linakwaruza shingo ya mvaaji, kwa hiyo yeye anarudisha sindano juu ya mshono mpaka ushike wenyewe, halafu anakata kwa meno, uzi unabaki na kijincha kilicholowa. Nilikuwa nikimtania kwa ajili ya hilo. Nilikuwa nikimwambia, wewe ungekuwa mwizi ungepiga hodi. Na pale mkononi mwangu uzi mwekundu ulikuwa laini kabisa, hauna fundo hata moja. Alinitenga na akahakikisha haunikwaruzi.

Nikamgeukia Chuma. Yeye alikuwa ananiangalia shingoni. Si usoni, shingoni, kwenye ukosi wa gauni langu la kijivu. Nikapeleka mkono nyuma, nikauvuta ukosi mpaka ukaja mbele, nikautazama kwa pembe ya jicho. Upo. Nimetembea nao barabarani. Nimesalimiana na watu nao. Kwa mteja tunaufumua kabla nguo haijarudi. Kwangu hakuona hata haja ya kuufumua.

"Nani anajua?" nikamwuliza.

"Mama, mimi ni mtu wa pasi tu."

"Chuma."

Akafuta uso kwa shati la mteja. "Mzee alituambia mimi na mkweo siku ileile uliyotoka zahanati. Jioni ileile. Na mwanao kwa simu. Akasema tusikuonyeshe." Akameza mate. "Alikuwa analia, Mama. Sikuwahi kumwona analia."

Siku ileile. Mkono wangu bado una joto la mkono wake, ameshamwaga mtama. Mimi naogopa peke yangu chumbani nikidhani namficha mtu, kumbe kila mtu ananificha mimi. Yale mayai na maziwa. Kile kikochi kinachofaa mgongo. Vile viganja vya Kibonge puani, ule mchezo niliocheza naye na kumsifia akili. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikakohoa mpaka machozi, na Chuma alibaki kule kule kwenye pasi yake.

Mkunjo alirudi na baiskeli yake, kapu tupu mgongoni mwa baiskeli, anapiga mluzi. Akaingia, akaniona nimekaa katikati ya nguo zangu, na mluzi ukafia mdomoni.

"Mama Povu," akasema. "Nilitaka kukueleza."

"Lini?"

"Majibu yakitoka."

"Yakitoka mabaya au mazuri? Maana yakitoka mazuri ungefumua usiseme, na mimi ningekufa sijui. Si ndivyo?"

Akaokota soksi yangu moja, akaikunja. Huyu ndiye mtu ambaye nilisema maneno yake yamenyooka. Anayajua kuyakunja vilevile, na akiyakunja huoni mshono.

"Nilikuwa naogopa," akasema hatimaye. "Namwogopea mtoto."

"Na mimi nilikwambia nini kule chumbani? Nilikuomba nini? Nilikuuliza tufanyeje na Kibonge, kwa mdomo wangu. Ukanishika mkono, ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukatoka nje ukawaambia wote isipokuwa mimi."

"Sikutaka uone aibu. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Mwenye nguo haambiwi."

"Ile ni ya wateja, Mkunjo. Mimi ni mteja wako?"

Akainamisha kichwa. Chuma alikuwa anapiga pasi shati ambalo lilikwisha kunyooka zamani.

"Ungeniambia," nikasema. "Ungeniambia tu, mke wangu, tutenge nguo zako mpaka tujue. Ningeutia uzi mwenyewe. Ningekaa mbali na mtoto mwenyewe. Kazi ni yangu hiyo, naijua kuliko wewe. Nisingekuchukia hata kidogo."

Alinyoosha mkono kunishika bega. Nikalisogeza bega. Nikachukua kigurudumu cha uzi mwekundu kutoka kwenye droo ya meza ya mbele, nikatia mfukoni, nikaenda nyumbani.

Chakula cha mchana kilikuwa tayari. Mkwe wangu alikuwa anapakua, Kibonge yuko kwenye kiti chake. Nikasimama mbali nao, upande wa dirisha, nikatoa uzi. Nikaanza na kikombe changu, nikazungusha uzi kwenye mshikio wake nikafunga. Kwa fundo. Nikafunga kijiko changu. Nikafunga mguu wa kiti changu. Nikafunga miwani yangu kwenye mpini, fundo kubwa kama kunguni aliyeshiba, nikaivaa. Mkwe wangu akaacha kupakua, mwiko mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawasaidia. Mnatia uzi mgongoni ambako sioni, kazi ngumu hiyo. Mimi naweka mbele. Hiki ni changu, hiki ni changu, na kile kiti ni changu. Hapa nitakaa, pale mtoto asifike mpaka majibu yatoke. Si ndivyo mnavyotaka? Hivi ndivyo na mimi ninavyotaka. Tofauti ni kwamba mimi nasema."

Akaanza kulia. Ni binti mzuri, sina neno baya naye, na ningependa kusema nilimhurumia. Sikumhurumia siku ile. Akasema, "Baba alisema ukijua utaumia." Nikamwambia, "Baba yako alisema kweli." Nikachukua sahani yangu nikala peke yangu dirishani, na chakula kilikuwa kizuri.

Kesho yake nilikwenda kuchukua majibu. Mkunjo alikuwa amekwisha kuvaa viatu anisindikize. Nikamwambia avue. Akavua.

Daktari alikuwa kijana anayeongea haraka. Alifungua kompyuta, akasoma, akanitazama. "Safi, mama. Hakuna kitu. Si kifua kikuu." Akanieleza kwamba baada ya mafua njia ya hewa hubaki na hasira, kila kitu kinaichokoza, vumbi, baridi, moshi, na kikohozi cha namna hiyo huweza kuchukua wiki na wiki, kisha hukwisha chenyewe. "Kikizidi, au ukiona damu, au ukikonda, rudi. Lakini sasa nenda kalale. Watu wa nyumbani watafurahi."

"Watafurahi sana," nikasema.

Nilikaa nje kwenye benchi la zahanati muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa furaha na machozi hayakuja. Nimeponyoka. Nitamshika mjukuu wangu. Nilijirudia hivyo na nilijua ni kweli, na bado sikuinuka pale benchini. Kwa wiki ile nzima nilidhani nina mtu mmoja anayejua. Hicho ndicho nilichokuwa naegemea usiku nikikohoa, kwamba huyu anajua na yuko nami. Sasa nimepona na sina tena cha kuegemea.

Nyumbani niliwaambia kwa maneno machache. Mkwe wangu akapiga magoti kumshukuru Mungu. Mwanangu akapiga simu, nikamwambia sitaki kusikia habari za mayai. Mkunjo akasimama katikati ya sebule, mikono haijui pa kwenda, kisha akakimbilia chumbani, akatoka na nguo zangu zote, hata zile za kapuni alizozileta jana, na wembe. Akakaa sakafuni akaanza kufumua. Alifumua taratibu, kwa ustadi, hakukata hata uzi mmoja wa nguo. Foronya ya maua akaifumua mwisho, akaipangusa kwa kiganja, akanipa.

Nikaielekeza dirishani. Pale palipokuwa na uzi palikuwa na vitundu vidogo, mwanga unapita.

"Vitajifunga ikifuliwa," akasema.

"Najua," nikasema. "Mimi ndiye dobi."

Wakamleta Kibonge. Yeye hakuwa na kinyongo. Alipanda kifuani kwangu kama aliyekuwa ametoka jana, akaweka sikio, akafungua mdomo. Kabla hajapitiwa na usingizi alikumbuka kitu, akanyanyua kiganja chake kimoja, safari hii hakujiziba mwenyewe, akaniziba mimi mdomo. Nikauacha mkono wake pale mpaka ulipolegea wenyewe.

Nimerudi dukani. Kikohozi kilichoka polepole, leo kinakuja mara moja, kesho hakiji, kama daktari alivyosema. Chuma harudi tena nyuma ya meza nikipita. Mkunjo amerudi kitandani. Anakunja, anapeleka, anapiga mluzi kwa chini, na kila nikimwuliza jambo ananijibu kirefu kuliko lazima, kwa sababu anajua ninasikiliza kama kuna mkunjo. Tunaishi. Watu wakituuliza hali tunasema nzuri.

Juzi asubuhi Mkunjo aliamka na mafua. Amekuwa akipeleka nguo kwenye mvua, nikamwonya, hakusikia. Tulikuwa dukani, mimi nimeketi kwenye meza ya mbele natia alama kwenye shehena ya fundi saa, sindano mkononi. Yeye alikuwa anakunja shuka, akakohoa mara moja. Akajizuia. Akakohoa tena, kikavu, cha kukwaruza, naujua mwendo wake. Halafu akageuka kunitazama, na hakunitazama usoni. Alitazama sindano, kuona ina uzi wa rangi gani.

Ulikuwa wa bluu.

"Usiogope," nikamwambia. "Mimi nikikutia uzi, nitakwambia."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye shuka yake, akaikunja ile pembe vibaya, akaikunjua na kuanza upya.